Diwani ya Muyaka na Mashahidi Wake

Kitabu kilichopigwa chapa kina haiba yake. Mwanafunzi wa lugha aifunguapo Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, iliyotolewa na William Hichens mjini Johannesburg mwaka 1940, huzikuta beti zimepangwa vizuri kwa herufi za Kirumi, naye huelekea kudhani kuwa ndivyo zilivyotoka kinywani mwa malenga. Walakini Muyaka alifariki yapata mwaka 1840. Kati ya kinywa chake na kitabu hicho imepita miaka mia moja, na katika muda huo mashairi yalipokewa na kupokezanwa na watu. Thamani ya diwani hiyo kama chanzo cha utafiti haiwezi kupimwa mpaka watu hao wajulikane.

Wanavyuoni wa hadithi wanalijua jambo hili tangu kale: kabla ya kuyapima maneno, huwapima wapokezi wake. Wapokezi wa Muyaka hawakufichika. Wa kwanza ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, aliyeyakusanya mashairi kwa wenyeji na kuyaeleza. Wa pili ni W. E. Taylor, padre Mwingereza aliyekaa Mombasa katika miaka ya 1880, ambaye aliyaandika pamoja na maelezo. Taylor alifariki mwaka 1927, na karatasi zake ndizo zilizokuwa msingi wa kazi ya Hichens. Zilihifadhiwa London, katika Chuo cha Elimu ya Mashariki na Afrika.

Katika mnyororo huu pete iliyo imara zaidi ni Sikujua, ingawa jina lake ndilo lisilotajwa sana. Mashairi mengi ya Muyaka ni mafupi, yaliyotungwa kwa ajili ya jambo lililotukia: vita, ugomvi, njaa, mapenzi, hila za mjini. Asiyekijua kisa hulisoma fumbo asilione. Sikujua aliishi karibu na zama za malenga, katika mji ule ule na lugha ile ile ya Kimvita. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani katika kamusi.

Hata kusoma hati kwahitaji mjuzi. Katika maandishi ya zamani ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, herufi moja iliweza kusomwa b au mb, na alama moja ya irabu ikasomwa u au o. Hivyo mbuzi na buzi huandikwa sawa, na kadhalika kuku na koko. Huyo ahamishaye maneno kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kirumi hanakili tu. Kila neno ni hukumu aliyoikata. Na pale msomaji aliyezoea Kiswahili Sanifu akutapo nti, huenda akataka kuisahihisha iwe nchi, akidhani ni kosa, kumbe ni Kimvita chenyewe. Ukurasa uliochapwa hauonyeshi hukumu hizo zilikatwa na nani. Basi mtafiti anayejenga hoja juu ya neno moja hana budi kuirudia hati.

Mohamed H. Abdulaziz, katika kitabu chake juu ya Muyaka kilichotoka Nairobi mwaka 1979, aliitengeneza njia hiyo zaidi. Yeye ni mwanaisimu na pia mwenyeji wa Mombasa. Aliyaweka mashairi pamoja na tafsiri na habari za mji na siasa zake. Msomaji hupewa shairi na mazingira yake kwa pamoja.

Lakini shahidi mkweli aweza kuwa shahidi wa upande mmoja. Muyaka aliutetea mji wake chini ya Wamazrui, ambao utawala wao ulikoma mwaka 1837, na Sikujua naye alikuwa mtu wa Mombasa. Vita vya Shela, vya yapata mwaka 1812, vilikuwa pia na malenga wao Amu, miongoni mwao Zahidi Mngumi. Anayetaka kujua Wamvita waliionaje vita hiyo, Muyaka anamtosha. Anayetaka kujua vita yenyewe ilikwendaje, lazima awasikilize na Waamu, ambao ndio walioshinda.

Hivyo basi swali la kuwa diwani hii ni chanzo cha kuaminika au sicho halina jibu moja. Ni ushahidi mzuri wa sanaa na fikira za Mombasa. Ni ushahidi wa kusaidiwa na hati katika mambo ya sauti na msamiati. Na ni ushahidi wa nusu katika historia. Mtafiti atajaye ukurasa bila kusema anautumia kwa jambo lipi, na kwa mapokezi ya nani, bado hajataja chanzo chake.