Mzee Rotch na Kosa la Kuongea na Adui

Kuna kitabu chembamba cha kumbukumbu za mzee mmoja wa Marekani, William Rotch, alizoziacha alipokaribia miaka 80. Kilichapwa 1916, yeye alishafariki tangu 1828. Nakipenda kitabu hiki, lakini pia nina ugomvi nacho.

Rotch alikuwa mfanyabiashara wa mafuta ya nyangumi katika kisiwa cha Nantucket, Massachusetts. Alikuwa Mkweka, yaani wale Wakristo wasioshika silaha. Vita na Mwingereza vilipoanza 1775, kisiwa kilikwama katikati. Bahari ilikuwa ya manowari za Mwingereza, kuni na nafaka zilitoka bara kwa wanamapinduzi. Sasa wewe mvuvi utaegemea wapi? Ukiwachukiza hawa unakosa unga, ukiwachukiza wale unanyang'anywa meli.

Kisa cha singe ndicho watu hukikumbuka. Rotch alikuwa na bunduki alizolipwa kufidia deni. Bunduki aliwauzia wawindaji, singe akazing'oa, kwa sababu singe kazi yake ni kuchoma mtu tu. Wanamapinduzi walipozitaka alikataa, na baadaye akazitupa baharini. Hapo ndo jina lake likaanza kutiwa doa.

Mwaka 1779 mambo yakaiva. Watu wa upande wa Mwingereza walivamia kisiwa na kuchukua mali. Wakazi wakakutana, wakatuma wajumbe kwa makamanda wa Kiingereza kuomba uvamizi ukome. Rotch alikuwa mmoja wa wajumbe. Kisha Thomas Jenkins, mwenzao wa kisiwani aliyepoteza mali katika uvamizi ule, akapeleka mashtaka ya uhaini kwa serikali ya jimbo, dhidi ya Rotch na wengine wanne, akiwemo mwanamke, Keziah Coffin. Mashahidi wakasikilizwa, lakini hakuna aliyetiwa hatiani.

Nguvu ya kitabu iko hapa. Kinatuonyesha kwamba neno "msaliti" linaweza kutoka kwa jirani aliyeibiwa kweli, ana uchungu, anatafuta wa kumlipa. Aliyemwibia yuko mbali na ana mizinga. Jirani yuko karibu, na mchana wa jana alionekana akiongea na adui. Basi inatosha.

Ila ugomvi wangu ni huu. Jenkins hatumsikii kwa sauti yake mwenyewe. Tunamwona kwa macho ya aliyemshtaki tu. Pia Rotch alikuwa tajiri, alijua kuandika barua na kubisha hodi kwa wakubwa. Usome kitabu chake ukijua yaliyotokea Philadelphia. Jeshi la Mwingereza liliukalia mji ule wa bandari, likaondoka 1778. Wanamapinduzi waliporudi, wakawashtaki raia waliobaki. Abraham Carlisle, seremala, alishtakiwa kwa kusimamia lango la mji chini ya Mwingereza. John Roberts alikuwa mwenye kinu cha kusagia. Wote wawili Wakweka. Hata wazee wa baraza waliowatia hatiani waliomba wasamehewe. Wakanyongwa tarehe 4 Novemba 1778.

Carlisle hakufika miaka 80 akatusimulia. Kumbukumbu za namna hii ni za waliopona, na aliyepona huelekea kuamini kwamba ukweli wake ndio uliomwokoa. Mimi sikubali. Rotch alisema ukweli, sawa, lakini pia alipata watu wa kumsikiliza.

Ndugu zangu, wengi wetu tumeshakaa mbele ya meza tukaulizwa: wakati wapiganaji wanashika kijiji chako, uliwapa chakula? Uliongea nao? Na nyinyi mnaouliza maswali hayo, kisomeni kitabu hiki. Raia aliyebaki nyumbani kwake vita vikipita lazima ataongea na mwenye bunduki. Kabla ya kuandika jibu lake, muulizeni kwanza: ungekataa, ungekula nini kesho yake?