Karata 78 za Pamela Colman Smith

Mauti ni rahisi kuchora. Mpe mchoraji yeyote kalamu, atakutolea fuvu, mifupa na labda farasi. Jua nalo halimshindi mtu. Ugumu wa kutengeneza karata za tarot uko kwingine: kwenye kumi ya pau, sita ya shupaza, nane ya uru, zile karata za kawaida zisizo na jina, ambazo kwa karne nyingi wachoraji wengi walizijaza fimbo, panga na sarafu zilizopangwa safu, basi. Mwaka 1909, mjini London, mwanamke wa miaka 31 alizishughulikia zote 40, moja baada ya nyingine, kila moja akaipa picha yake. Huyo ni Pamela Colman Smith. Marafiki walimwita Pixie.

Niseme mapema, maana hapa kwetu Mogogosiek, Konoin, habari hufika kanisani kabla yako: sipigi ramli, na sijaribu kuijua kesho yangu kwa karata. Tarot yenyewe ilianza kama mchezo, kaskazini mwa Italia, katika karne ya 15. Kutabiria kulishamiri baadaye sana, Ufaransa, karne ya 18. Mcheza karata wa kawaida hatapotea humo. Mafungu ni manne yale yale, ila kopa ni vikombe hasa, uru ni sarafu, pau ni fimbo na shupaza ni panga. Juu yake huongezwa karata 22 za picha, nyingi zikiwa turufu. Mimi ninachokitazama ni mkono uliochora.

Mkono huo ulizunguka kabla haujatulia. Pamela alizaliwa London mwaka 1878, wazazi wake wakiwa Wamarekani, na sehemu ya utoto wake aliishi Kingston, Jamaika. Huko alizisikia hadithi za Anansi, buibui mjanja aliyevuka Atlantiki pamoja na watumwa kutoka Afrika Magharibi. Ujanja wake ndio ule ambao huku kwetu amepewa Sungura. Mwaka 1893 akaingia Pratt Institute, Brooklyn, akafundishwa na Arthur Wesley Dow. Mwalimu huyo alizipenda picha za Kijapani za kuchapa, na aliwataka wanafunzi wafikirie mstari, giza na mwanga, kisha rangi, kabla ya kuhangaika na kunakili kitu kama kilivyo. Pamela aliondoka 1897 bila cheti. Mwaka 1899 akatoa kitabu chake, *Annancy Stories*, hadithi na picha zote zake. Mama alikuwa amefariki 1896, na baba akamfuata mwaka huo wa 1899.

Kilichompokea ni mchezo wa kuigiza. Alizunguka na kundi la Lyceum, la Henry Irving na Ellen Terry, akachora waigizaji na mavazi yao. Alikuwa pia na jukwaa dogo la vikaragosi, na jioni aliwasimulia watu wa London hadithi za Anansi kwa lafudhi ya Jamaika. Kwangu mimi karata zilizaliwa hapo. Anayesimulia mbele ya watu hujifunza kwamba bega likiinama, hata wa kiti cha nyuma hujua kuna nini.

Chukua sita ya shupaza. Mashua, mwanamume anaisukuma kwa upondo. Mbele yake ameketi mtu aliyejitanda nguo mpaka kichwani, ubavuni pake mtoto. Panga sita zimesimama wima ndani ya chombo. Abiria wametupa mgongo, hatuwaoni nyuso, lakini huzuni iko pale kwenye mgongo wa yule mkubwa, katika mstari mmoja uliopinda kutoka kichwani hadi kiunoni. Kisha tazama maji: upande mmoja mawimbi madogo ya wino, upande wa pili shwari. Hiyo tofauti ndiyo safari nzima, na imemgharimu mistari michache tu.

Si kila alichokigusa kilimtoka vizuri. Vidole vyake ni vizito, na nyuso nyingine zinafanana kupita kiasi. Alikuwa na kama nusu mwaka kwa kazi yote, na nadhani haraka inaonekana. Wala hakuanza bila chochote. A. E. Waite, aliyemwagiza kazi hiyo, alikuwa na mawazo yake kuhusu zile 22. Isitoshe, mwaka 1907 British Museum ilikuwa imepata picha za karata za Sola Busca, seti ya Italia ya karne ya 15 ambayo karata zake za kawaida nazo zina watu. Tatu ya shupaza, moyo uliochomwa na panga tatu, imetoka humo waziwazi. Mvua nyuma ya moyo ni ya Pamela mwenyewe.

Niliwahi kuzitandaza karata hizo kwenye benchi la kituo cha kununulia chai, wakulima wakisubiri lori la kiwanda. Sikueleza kitu. Kumi ya pau ndiyo iliyowachokoza: mwanamume amekumbatia fimbo kumi, uso umezama ndani yake, mji uko mbele.

“Huyu hakufunzwa kubeba kuni,” akasema bibi mmoja, kogo wetu sote pale. “Zinafungwa kamba, zinakaa mgongoni.”

“Kogo, pengine ni za wizi,” kijana akamjibu. “Ndiyo maana hakupata muda wa kamba.”

Wakabishana mpaka lori likafika. Fimbo kumi zilizopangwa safu zisingewapa la kusema.

Wakulima hao hulipwa mara mbili: kila mwezi kwa kilo walizopeleka, halafu bonasi. Pamela hakuona bonasi. Novemba 1909 alimwandikia Alfred Stieglitz, mwenye ukumbi wa New York uliokuwa ukionyesha picha zake tangu 1907, kwamba amemaliza kazi kubwa kwa pesa kidogo sana. William Rider & Son walianza kuziuza Desemba. Zikaenea duniani kwa jina la Rider-Waite, yaani mchapishaji na mwagizaji. Jina la Smith limeanza kuongezwa juzijuzi tu. Aliingia Ukatoliki 1911, akahamia Cornwall, na akafa huko Bude mwaka 1951 akiwa na madeni. Vitu vyake viliuzwa kuyalipa.

Kijana wa Konoin mwenye wino na karatasi ngumu akitaka kuchora tarot yake, ningemwambia aanze na nane ya uru. Pamela alimchora fundi kwenye benchi, nyundo na patasi mkononi, sarafu alizomaliza zimetundikwa kando. Yeye amchore mama akiponda mkaa wa mti wa senetwet ndani ya kibuyu cha sotet, vibuyu saba vya maziwa ya mursik viko tayari ukutani, cha nane kiko mapajani. Halafu aipeleke kwenye benchi la chai na anyamaze. Wakianza kubishana kama mkaa umetosha, aende kwenye ya tisa.