Spika Isimame Penye Masikio

Wanaonunua au kukodi spika kwa shughuli ndogo, iwe sherehe ya kumuaga binti, hitma, mahafali ya chekechea au kikao cha kikoba, karibu wote huanza na swali moja: tuchukue ya betri au ya umeme? Muuzaji hujibu kwa wati, na mwenye kukodisha hujibu kwa saa ambazo chaji itadumu. Majibu hayo yana kazi yake, lakini yanaliruka jambo lililo kubwa kuliko yote mawili, nalo ni mahali spika itakaposimama. Ninashikilia kwamba ufundi wa mitambo ya sauti, hasa katika shughuli ndogo, kwa sehemu kubwa ni ufundi wa kupanga: kujua masikio yako wapi na kuyapelekea sauti yakiwa hapo hapo. Kwa sababu hiyo spika ya betri inastahili kufikiriwa kwanza pale ambapo kazi kuu ni maneno. Wengi huisifu kwa kuwa haijali umeme kukatika. Sifa yake kubwa zaidi ni kwamba inamrudishia fundi uamuzi ambao kwa miaka mingi umekuwa ukifanywa na soketi.

Tazama nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam au Mombasa siku ya shughuli. Soketi ziko sebuleni. Turubai limefungwa uani au barabarani, viti vya plastiki vimepangwa hadi kwa jirani wa pili, na jiko la kuni liko nyuma ya nyumba. Ekstensheni hupitishwa dirishani, na spika husimama pale urefu wa waya ulipokomea, mara nyingi ukutani karibu na meza kuu. Waliokaa mbele hupigwa na sauti usoni, waliokaa nyuma huokoteza maneno, na akina mama wanaopika hawapati kitu. Msibani jambo hili huwa zito zaidi, kwa kuwa wanawake hukaa ndani au barazani, wanaume wakakaa nje chini ya turubai, na tangazo la maziko linawahusu wote. Saa sita na saa tisa zina irabu zile zile kwa mpangilio ule ule. Zinatofautishwa na s na t pekee, zilizobadilishana nafasi. Anayesikia irabu bila konsonanti amesikia kelele ya tangazo tu, na anaweza kufika makaburini watu wameshatawanyika.

Sababu ya konsonanti kupotea inajulikana vizuri. Irabu hubeba nguvu kubwa na huishi kwenye mawimbi mazito ya sauti, ambayo huzunguka kona za nyumba na kupita kati ya watu. Konsonanti kama s, t, f na k huishi juu, kwenye mawimbi membamba ya hezi elfu mbili na kuendelea, ambayo husafiri kwa kunyooka na kufyonzwa na miili, mapazia na nguo. Ndiyo maana spika iliyowekwa chini, usawa wa magoti, husikika kwa nguvu lakini haieleweki: vichwa vya safu ya kwanza vimeshazuia kile ambacho safu ya kumi inakihitaji. Umbali nao una sheria yake. Mahali pa wazi, kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6. Kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu kunarudisha desibeli 3 tu. Mtu anayejaribu kushinda umbali kwa wati anapigana vita ambayo hesabu yake iko dhidi yake tangu mwanzo.

Tuifanye hesabu hiyo hadi mwisho. Tuseme kelele za watu, watoto na vyombo zinafikia desibeli 65, na tunataka maneno yasikike kwa desibeli 80 hadi kiti kilicho mita 32 kutoka mbele. Spika moja iliyosimama mbele italazimika kutoa desibeli 110 kwenye mita ya kwanza. Aliyekaa mita mbili kutoka hapo, ambaye mara nyingi ni mtoto au mzee aliyepewa kiti cha heshima, atapokea 104. Shirika la Afya Duniani, katika viwango lililovitoa mwaka 2022 kwa ajili ya kumbi na matamasha, linataka wastani wa dakika 15 usizidi desibeli 100. Sasa gawa eneo lile lile kwa spika nne, kila moja ikihudumia mita nane. Kila spika itahitaji kutoa desibeli 98 tu kwenye mita ya kwanza, yaani nguvu iliyo sehemu ya kumi na sita ya ile ya mwanzo. Zote nne kwa pamoja zinatumia robo ya nguvu ya ile moja, hakuna anayeumizwa masikio, na mtaa wa pili unalala. Hilo la mwisho si dogo: Kenya ina kanuni za kelele tangu mwaka 2009, zikisimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, na Tanzania nayo ina za kwake. Fundi anayesogeza spika karibu na wasikilizaji anatii kanuni hizo bila kumnyima mtu neno.

Hapa ndipo heshima ya kazi hii inapopaswa kuonekana. Fundi mzuri hufika viti vinapopangwa, hutembea eneo zima, hupiga makofi kusikiliza ukuta upi unarudisha sauti, na huketi kwenye kiti cha mwisho kabla ya mgeni yeyote kuketi. Huinua spika juu ya stendi ili sauti ipite juu ya vichwa, kisha huiinamisha kidogo iwatazame watu. Huhakikisha maiki inabaki nyuma ya spika, kwa sababu maiki inayosikia spika yake yenyewe hupiga mluzi. Humwelekeza mzee, kwa adabu, aisogeze maiki mdomoni badala ya kuishika kifuani, akijua kwamba kupunguza umbali huo kwa nusu kunampa desibeli 6 za bure. Anajua pia kwamba sauti hewani hutumia karibu sehemu tatu kwa elfu za sekunde kwa kila mita, na kwamba sikio huunganisha sauti mbili zinazofanana kama zimepishana kwa chini ya takribani sehemu thelathini kwa elfu za sekunde. Zikizidi sana hapo, huanza kusikika mwangwi. Kwa hiyo huziachanisha spika zake mita nane, tisa, huzielekeza upande mmoja, na huzipunguza ili ile ya mbali ifike ikiwa dhaifu. Haunganishi maiki kwa Bluetooth, ambayo mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Hutumia waya wa maiki au kipokezi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Hakuna hata moja kati ya haya lililoandikwa kwenye boksi la spika.

Wapo wanaoiona spika ya betri kama kitu cha kuchezea, cha watoto wa ufukweni, na mitambo halisi kuwa ile yenye plagi. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1915, huko Napa, California, Peter Jensen na Edwin Pridham walijaribu kipaza sauti chao cha kwanza wakitumia maiki ya kaboni na betri ya volti 12. Walipounganisha betri, kilichowafikia kwanza ni ule mluzi ambao kila fundi anaujua: maiki ilikuwa imejisikia. Mwezi Desemba mwaka huo huo wawili hao, ambao baadaye walianzisha kampuni ya Magnavox, walionyesha mitambo hiyo mbele ya umati huko San Francisco, na mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson aliitumia kuhutubia watu wanaokadiriwa kufika 50,000 uwanjani San Diego. Jensen na Pridham waliongeza sauti kwa pembe kubwa zilizoelekezwa kwa watu. Kwa maneno mengine, kazi hii ilizaliwa kwenye betri, na tatizo lake la kwanza kabisa lilikuwa la mahali: maiki iwe wapi, spika iwe wapi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la nguvu, na ni la kweli. JBL inataja desibeli 112 za juu kabisa kwa EON One Compact, spika ya betri yenye koni ya inchi 8; kwa EON615 ya plagi, yenye koni ya inchi 15, inataja 127. Desibeli 15 ni tofauti ya nguvu mara thelathini na zaidi. Besi ndiyo inayoidai nguvu hiyo, kwa sababu sikio letu ni zito kwa sauti za chini na hewa nyingi lazima isukumwe ili kifua kihisi ngoma. Shughuli ikiwa ya kucheza, yenye singeli hadi alfajiri au bendi kamili ya taarabu, plagi ndiyo jibu, na fundi anayepeleka spika mbili ndogo za betri huko anawadhulumu wachezaji. Lakini maneno hayana njaa hiyo. Mtu anapozungumza, kilele cha sauti yake huzidi wastani kwa desibeli kama 12, kwa hiyo amplifaya inayogusa wati 160 kwenye kilele hutumia wastani wa wati 10 tu. Amplifaya za daraja la D zinaweza kuipa spika karibu asilimia 90 ya umeme zinaoupokea, na betri za lithiamu hubeba nishati nyingi kwa uzito mdogo. Kwa hotuba, dua, nasaha na muziki wa chinichini, kinachotosha kinatosha kweli.

Pingamizi la pili ni chaji. Bose hutaja hadi saa 11 kwa S1 Pro na JBL hadi saa 12 kwa EON One Compact, na kila fundi anajua kuwa saa hizo ni za sauti ya wastani. Ukiifungulia spika hadi mwisho, zinayeyuka. Hata hivyo chaji inahesabika tangu jana yake, na spika nyingi za aina hii huendelea kufanya kazi zikiwa zimechomekwa. Umeme wa ukutani hautoi ahadi hiyo. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, na mwishoni mwa mwaka huo Tanzania iliishi kwenye mgao. Hata gridi ikitulia, tokeni za LUKU zinaweza kwisha katikati ya risala. Jenereta huokoa, lakini huleta muungurumo ambao spika italazimika kuushinda. Udhaifu wa kweli wa betri ni uzee. Lithiamu huchoshwa na joto, kwa hiyo spika isiachwe ndani ya gari lililoanikwa juani. Betri za risasi zilizomo kwenye spika nyingi za bei nafuu hufa zikiachwa bila chaji kwa wiki kadhaa. Mnunuzi aulize kama betri inatoka na kama ya kubadilisha inapatikana. Isipopatikana, amenunua chombo ambacho uhai wake umeshawekewa ukomo.

Linabaki pingamizi la mfuko na la waya. Spika nne ni ghali kuliko moja, watasema, na ekstensheni ndefu inafika popote. La kwanza lina jibu la kati: shughuli nyingi za watu mia moja zinatoshwa na mbili, na hakuna kinachomzuia fundi kuweka ya plagi mbele na moja ya betri jikoni au barazani, mahali ambapo hakuna soketi iliyowahi kufika. La pili nalikataa kwa uzito zaidi. Waya wa volti 230 unaokatiza uwanja wenye watoto, masufuria ya maji na mvua isiyobisha hodi ni hatari ya mauti, na ekstensheni iliyoachwa imeviringwa kwenye kibiringo chake hupata moto inapobebeshwa mzigo mkubwa. Ni kweli spika za betri zilizotawanywa huenda bado zikahitaji waya wa kuzifikishia sauti, lakini waya huo hubeba ishara ndogo tu. Ukikanyagwa, kinachopotea ni sauti.

Kwa hiyo wanaokodi mitambo wabadilishe swali lao la kwanza. Kabla ya wati na kabla ya saa za chaji, wamuulize fundi: wapishi watasikia kwa spika ipi? Wazee utawakalisha umbali gani kutoka kwenye sauti? Utafika saa ngapi kuliona eneo? Fundi anayejibu maswali hayo kwa kujiamini anastahili malipo yake hata akija na spika inayobebwa kwa mkono mmoja, na asiyeweza kuyajibu hatasaidiwa na lori zima la maboksi. Bei ya mitambo huandikwa kwenye bajeti ya kamati, lakini thamani yake iko kwa wale waliokaa pembeni, nyuma na jikoni, waliochanga na kuchoka kama wengine wote. Nao wana haki ya kusikia kila neno la shughuli waliyoisimamisha.