Nyuzi 31 Tu! Gesi Inayoua Vijidudu Bila Kupika Ngozi

Jamani, nyuzi 31! Joto hilo halifiki hata lile la mwili wako, lakini kaboni dioksidi haihitaji zaidi ya hapo. Ifungie ndani ya chombo cha chuma kinene chenye kidirisha, shinikizo lipande hadi bar 74, nawe kaa utazame. Video ya jaribio hilo sichoki kuirudia. Chini kuna kimiminika, juu gesi, katikati mstari unaochezacheza. Joto linapanda polepole, mstari unafifia, ukungu unatanda ghafla, na ukiondoka, mstari nao haupo! Kilichobaki si gesi wala si kimiminika: kina uzito wa kuyeyusha mafuta na wepesi wa kupenya kila kitundu. Hali hiyo wataalamu huiita supakritikali. Mimi nimeshapenda.

Na raha yote hii naiandikia Olkaria, kwenye visima vya jotoardhi karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, kwa sababu visima vya hapa vinatoa silaha mbili za kuua vijidudu kwa mpigo.

Ya kwanza ni mvuke, unaozungusha mitambo ya umeme hapa tangu kituo cha Olkaria I kianze kazi mwaka 1981. Karibia kisima kinachofanyiwa majaribio: mngurumo unakutikisa kifua, wingu jeupe linapaa, salfa inakujaa puani. Hospitali nazo zinautegemea mvuke. Otokilevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, ikifika nyuzi 121 na kukaa hapo dakika 15, makasi ya upasuaji yametakata. Lakini hebu tia humo kano ya kupandikizwa gotini, au utando wa kondo la nyuma ambao madaktari huuweka juu ya jicho lililoungua. Kolajeni, protini inayoshikilia ngozi na kano, inalegea na kuwa ute. Umepika supu ya kongoro! Tamu sana mezani, ila daktari hana la kuifanyia.

Silaha ya pili imejificha ndani ya mvuke huohuo. Sehemu ndogo ya kinachopanda kutoka ardhini ni gesi zisizogeuka kuwa maji, na nyingi kati ya hizo ni kaboni dioksidi. Oserian, shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha, liliamka mapema: mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilianza kutumia kisima cha Olkaria kupasha joto nyumba za waridi, na kwa gesi yake likayalisha maua. Kule Kereita, Kiambu, kampuni ya Carbacid huchimba kaboni dioksidi ya asili ardhini na kuiuza kwa watengenezaji wa soda. Kwa hiyo huenda umeshainywa.

Sasa kaboni dioksidi ya supakritikali inauaje vijidudu? Hapa ndipo penye uhondo. Inapenya ukuta wa bakteria, inakutana na maji yaliyomo na kuyafanya asidi, inavuruga vimeng'enya, inakokota mafuta ya utando. Kazi ikiisha unafungua vali, shinikizo linashuka, nayo inarudi kuwa gesi na kwenda zake. Oksidi ya ethilini, gesi nyingine ya kuulia vijidudu, haina adabu hiyo: ni sumu, na vifaa vilivyopitia humo lazima vipeperushwe kwa saa nyingi. Mionzi ya gama, kwa kipimo kilichozoeleka cha kilogrei 25, huweza kukatakata nyuzi za kolajeni na kudhoofisha kano.

Kundi la Robert Langer wa MIT lilichapisha matokeo yake ya kuua bakteria kwa gesi hii mwaka 1999, na kampuni ya NovaSterilis ya jimbo la New York ikatengeneza mashine yenyewe, inayofanya kazi kwenye nyuzi 35 hivi na bar karibu 100.

Kasoro? Zipo, na kubwa ni spora, yaani bakteria waliojifungia ndani ya ganda gumu. Bakteria wa kawaida wanakufa, lakini spora za Bacillus zinaivumilia gesi hii ikiwa peke yake katika joto dogo hivyo, kwa hiyo huongezwa asidi kidogo ya perasetiki. Shinikizo nalo si la mchezo. Linataka chuma, pampu na mtu aliyefundishwa, basi zahanati ya kijijini isahau kwa sasa. Na gesi ya Olkaria imechanganyika na salfidi ya hidrojeni, lazima isafishwe vilivyo kabla haijakaribia ngozi ya mgonjwa.

Hata hivyo, ona kilichopo hapa! Gesi iko, umeme uko, na ziwa la tilapia liko mlangoni. Madaktari wa Fortaleza, Brazil, wameshafunika majeraha ya moto kwa ngozi za tilapia, nao walizipitisha kwenye mionzi ya gama. Nyie wa maabara za vyuo vikuu vyetu, jaribuni za Naivasha kwa gesi.

Uamuzi wangu: makasi na koleo, bakini na otokilevu, ni rahisi na haina longolongo. Ngozi, kano na utando wa kondo, nipeni gesi hii leo hii.