Jicho la Mchambua Chenji

Mwaka 1955, mashine za kuuza sigara kaskazini-mashariki mwa Marekani zilimeza sarafu ya senti 25, na pakiti iliuzwa senti 23. Mashine haikuwa na namna ya kurudisha chenji, kwa hiyo wauzaji walichomeka senti mbili ndani ya nailoni ya pakiti. Wavutaji wengi walizitoa wakazitumbukiza mfukoni. Wachache walizitazama, wakaona kwamba tarehe na maandishi ya upande wenye uso wa Lincoln yamejirudia, herufi juu ya herufi, kiasi cha kuonekana bila kioo cha kukuzia. Wakaguzi wa kiwanda cha sarafu cha Philadelphia walikuwa wameshaligundua kosa hilo, lakini sarafu zenyewe, elfu 20 na ushei, zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na nzima, zikaachwa zitoke. Leo moja iliyotunzwa vizuri hununuliwa kwa zaidi ya dola elfu moja.

Nawahusudu watu wale wachache, na si kwa sababu ya hizo dola. Mtu ametoka kununua sigara, mawazo yako kwenye kiberiti, mkono umeshazoea kupokea senti bila kuuliza, na bado jicho linakataa kupita. Jicho la namna hiyo hufundishwa. Nimekaa na watu walionalo, na kila mara naondoka nikiwaheshimu zaidi.

Kazi yao ni kuchambua chenji: kupokea sarafu za matatu, za mama mboga, za kioski, na kuzipitia moja moja kabla hazijarudi sokoni. Haidai mtaji. Usipoambulia kitu, shilingi zako zinanunua sukari ileile ambayo zingenunua jana. Inachodai ni muda, na kitu ambacho anayeanza hapendi kukisikia: kabla ya kutafuta sarafu yenye kosa, uijue isiyo na kosa mpaka uweze kuichora ukiwa umefumba macho.

Kwa hiyo tuanze kiwandani. Bamba la metali hukatwa visahani vitupu. Visahani hupashwa moto vilainike, huviringishwa ili ukingo uinuke, kisha kila kimoja hukaa ndani ya pete ya chuma kati ya mihuri miwili, wa juu na wa chini, na kugongwa kwa nguvu kubwa. Sarafu imezaliwa, na kila hatua iliyopitia ina kosa lake. Mkato ukiangukia mahali palipokwisha kukatwa, kisahani hutoka kimemegeka. Kisipokaa sawa kati ya mihuri, picha huangukia pembeni na sehemu ya sarafu hubaki tupu. Pete ikikosekana, metali hutandazika na sarafu hutoka pana kuliko wenzake. Grisi ikiziba herufi za muhuri, sarafu hutoka bila herufi hizo. Muhuri ukipata ufa, ufa ule hutokea kwenye sarafu kama mstari ulioinuka, maana kila palipochimbika kwenye muhuri huinuka kwenye sarafu. Ukiona mstari uliochimbika ndani, huo ni mkwaruzo wa barabarani. Weka kando uendelee.

Hili nilioneshwa na mzee mmoja wa Mombasa, fundi saa mstaafu, ambaye bado anatumia lenzi yake ya kazini, ile inayokuza mara kumi. Kumtazama akifanya kazi ni raha. Hatazami picha kwanza. Huzitenga sarafu kwa thamani, kisha huzisimamisha kwa ubavu katika mstari, kama vitabu rafuni, na kuupitisha mwanga juu yake. Yenye ubavu wa rangi tofauti, au nyembamba, au iliyochomoza kidogo, inajitangaza. Hiyo hutolewa. Ndipo zinalazwa, upande mmoja wote, kisha upande wa pili, na macho yake yanafuata njia ileile kila mara: tarehe, maandishi ya kuzunguka, ukingo, mwisho picha. Kwa shilingi 10 na 20, ambazo zina metali mbili, anaongeza kituo kimoja: mahali kitovu kinapokutana na pete, kuona kama kimekaa katikati.

Alinipa shilingi moja mbili, zote zenye sura ya Rais Moi, zote zimemegwa ukingoni kama kucha iliyokatwa. “Ishike ukingoni, mwanangu,” aliniambia kwanza, “jasho la kidole halitoki.” Kisha akaniuliza ipi ni ya kiwandani na ipi ni ya tupa. Mimi niliangalia mahali palipomegwa. Yeye alizigeuza na kunionesha upande wa pili, ng'ambo kabisa ya pengo. Kwenye moja, ukingo wa ng'ambo ulikuwa umefifia, umelala, herufi za karibu nazo zimelegea. Kwenye nyingine ukingo ulikuwa imara kote. Sababu yake inapendeza: kisahani kilichomegeka kinapoviringishwa ili ukingo uinuke, pengo halina cha kusukuma, kwa hiyo upande unaolikabili nao haupati mkandamizo. Mtu wa tupa anaweza kukata pengo zuri, lakini hawezi kurudi nyuma akaulegeza ukingo wa ng'ambo. Tangu siku hiyo, nikiona pengo, jicho hukimbilia ng'ambo.

Kujirudia kwa herufi ndiko kunakowapoteza wengi. Kosa lile la 1955 lilitokea wakati muhuri wenyewe unatengenezwa. Zamani muhuri ulichorwa kwa kukandamizwa na chuma mama zaidi ya mara moja, na kati ya mkandamizo mmoja na mwingine ulipashwa moto tena. Mara ya pili chuma mama hakikukaa palepale, kikawa kimezunguka kidogo, na muhuri ukabeba herufi mbili mbili. Sarafu zote zilizotoka kwenye muhuri huo zina maandishi ya namna moja: mviringo, yaliyoinuka kikamilifu, na kwenye ncha za herufi unaona mgawanyiko, ncha mbili zilizotengana. Kuna kujirudia kwingine, kunakotokea muhuri unapotikisika wakati wa kugonga. Huko huacha ngazi bapa pembeni mwa herufi, na herufi yenyewe hupungua unene badala ya kuongezeka. Makosa haya ya pili yamejaa kila mahali na hayana soko. Kwa hiyo kabla ya kushangilia, tafuta ncha zilizogawanyika, na uone kama herufi imenenepa au imekonda.

Anayeanzia Kenya ana bahati, maana historia yote ya sarafu za nchi hii inaingia kwenye bakuli moja. Zilianza 1966. Zile za kwanza zina uso wa Mzee Kenyatta, na pembeni mwa uso ni patupu. Kuanzia 1969 maandishi yakazungushwa yakimtaja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya. Senti 25 na shilingi 2 zilikuwapo pia, hazikudumu. Mwaka 1980 ukaja uso wa Moi. Shilingi 10 ya metali mbili ilitoka 1994, na shilingi 20 mwaka 1998. Mwaka 2003, kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ikatoka shilingi 40 yenye uso wa Rais Kibaki, na ukipewa hiyo kwenye chenji usiitumie. Mwaka 2005 Kenyatta akarudi. Kisha Katiba ya 2010, katika Ibara ya 231, ikakataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa, na Desemba 2018 ukazinduliwa mfululizo wa wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Sumaku ndogo ya mfukoni husaidia hapa. Shilingi moja za miaka ya themanini ni shaba na nikeli, hazivutwi. Zile za kuanzia 2005 ni chuma kilichopakwa nikeli, zinavutwa. Ikitokea kinyume, una sababu ya kuketi chini na kupima uzito.

Sarafu za kabla ya hizo hazipo tena kwenye chenji, ila zipo kwenye makopo ya nyanya zetu, na moja naipenda kuliko zote: senti kumi ya Afrika Mashariki, yenye tundu, ya mwaka 1936. Mfalme Edward VIII alishika kiti Januari mwaka huo akajiuzulu Desemba, na Uingereza kwenyewe sarafu za sura yake hazikuingia mikononi mwa watu. Lakini senti yetu yenye tundu haikuwa na sura ya mfalme, ilibeba jina tu. Kwa hiyo iliwahi kugongwa, ikasafiri, ikanunua chumvi na mafuta ya taa huku kwetu. Si adimu. Angalia jina, kisha tafuta herufi ndogo: H ya kiwanda cha Heaton, Birmingham, au KN ya King's Norton. Nyingine hazina herufi.

Kosa lililowapata Waingereza mwaka 2008 ndilo linaloonesha vizuri zaidi kwa nini kuijua ya kawaida ni nusu ya kazi. Sarafu zao zilichorwa upya na Matthew Dent. Kwenye peni 20, tarehe ilihamishwa kutoka upande wa nyuma kwenda upande wa Malkia. Kiwandani, muhuri wa zamani wa Malkia, usio na tarehe, ukaoanishwa na muhuri mpya wa nyuma, nao hauna tarehe. Zikatoka peni 20 zisizo na mwaka popote. Kiwanda chenyewe kilikadiria kuwa ni kati ya elfu 50 na laki mbili. Hakuna ufa, hakuna pengo, hakuna herufi iliyopinda. Kila upande ni kamili. Asiyejua tarehe inapaswa kukaa wapi angezishika kumi na asione kitu.

Sasa adabu ya kazi. Mama mboga anahitaji chenji yake asubuhi, kwa hiyo usimwondolee tano zote kwa sababu unatafuta moja; mpe nyingine za thamani ileile, au mpelekee noti jioni wakati anataka kupunguza uzito wa mkoba. Makanga usimsimamishe mlangoni. Ulichochambua kirudishe kwenye mzunguko haraka. Na tangu M-Pesa ianze 2007 malipo mengi hayagusi mkono tena, basi sarafu za sadaka, za kioski na za stendi ndizo chemchemi iliyobaki.

Usisafishe. Nalisema hili kwa uchungu, maana nimeona sarafu nzuri zikisuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka zikang'aa, na kung'aa huko kumeua ngozi yake ya juu pamoja na bei. Vumbi litoke kwa maji safi na kitambaa kilichobonyezwa bila kusugua. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi inatosha. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali huacha utando wa kijani. Na ukisikia uvumi unaozuka mara kwa mara kwamba sarafu fulani ya zamani inanunuliwa kwa mamilioni, uliza kwanza nani ameinunua na lini.

Wamarekani wana vitabu vinavyoorodhesha makosa yao muhuri kwa muhuri. Kile cha Bill Fivaz na J.T. Stanton kinaupa kila muhuri namba yake. Ya kwetu tunaweza kuanza kuyaandika kwenye daftari la kawaida. Yule fundi saa ana lake: thamani, mwaka, uzito hadi sehemu ya mia ya gramu, picha za pande mbili na ya ubavu, mahali ilipopatikana, na safu ya mwisho anamoandika sababu za kufikiri kwamba huenda si kosa la kiwandani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo niliyoinakili kwanza nilipofungua daftari langu.