Mwuguzaji Asiyetajwa: Kuusoma Utenzi wa Mwana Kupona kutoka Puta

Wahakiki wengi wa Utenzi wa Mwana Kupona hushughulika na utiifu wa mke kwa mume. Wapo wanaouona utenzi kuwa kandamizi, wapo wanaosikia kejeli chini yake. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimepita haraka mahali utenzi ulipotungwa: kitandani. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga mwaka 1858, akiwa ameugua mwaka mzima kwa maelezo yake mwenyewe. Alifariki yapata 1860.

Binti anaelekezwa amhudumie mume aliyelala: ampapase, pasikosekane wa kumpepea. Huyo ni mtu mzima mwenye afya yake. Uuguzi wa mama mwenyewe sikuuona katika ubeti wowote. Mwaka wote ule, nani alimgeuza, nani aliamka usiku? Huenda ni binti. Huenda ni watumwa, ambao utenzi unawataja kwa kumwonya binti asichangamane nao nje ya kazi.

Kwetu Puta, kando ya Ziwa Mweru, swali hili si la vitabuni. Mgonjwa akipelekwa St Paul's, Kashikishi, ndugu mmoja huenda naye kupika, kufua na kukesha. Ukoo hukaa kuamua ni nani. Kati ya Desemba na Februari, uvuvi unapofungwa na nauli kuwa ngumu, kikao hicho huamua pia kama mgonjwa aende au abaki nyumbani, ingawa hakuna anayelitamka hivyo. Anayechaguliwa kuuguza mara nyingi ni binti, na haulizwi.

Mwana Kupona naye hamuulizi Mwana Hashima. Anamwita aje na wino na karatasi, kisha anampa usia kama hirizi ya kufungwa kwa uzi. Usia wa mtu anayekufa haujadiliwi. Ukiukataa, umemkataa mzazi. Watetezi wa utenzi husema huu ni upendo wa mama. Ni kweli, sikatai. Ila mgonjwa kuamua atumie pumzi zake za mwisho kusema nini ni jambo moja. Kumpangia aliyebaki maisha ya miaka yote inayofuata ni jambo jingine, na hapo ndipo ninapoona utenzi unadai kupita kiasi. Katika beti 102, Hashima hajibu hata neno moja.