Fungua Lenzi kwa Sababu ya Mwanga

Tazama picha za watu zinazopigwa mtaani Kilimani, Nairobi, siku hizi, za mawakili, maharusi, wanamuziki chipukizi na wafanyakazi wa ofisi wanaotaka picha ya wasifu, na utaona nyingi zimefanana kwa jambo moja: nyuma ya mtu hakuna kitu. Kuna ukungu laini wa kijani na kahawia, pengine na miduara michache ya taa. Huwezi kujua kama alisimama Lenana Road, Kigali au kwenye bustani ya hoteli ya Dubai. Lenzi iliyofanya kazi hiyo ni praimu, yaani lenzi isiyo na zumu, yenye tundu linalofunguka hadi f/1.8 au f/1.4, na mpiga picha ameliacha wazi kabisa tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho. Lenzi hii naipenda sana, na ndiyo maana nasikitika ikitumiwa kama kifutio.

Haikubuniwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1840 Joseph Petzval, mwanahisabati aliyefundisha Vienna, alikokotoa lenzi ya picha za watu ambayo kampuni ya Voigtländer iliitengeneza. Ilifunguka hadi f/3.6, ikaingiza mwanga mara kumi na kadhaa kuliko lenzi ya kamera ya mvumbuzi Daguerre. Kabla yake, anayepigwa picha alilazimika kuketi dakika kadhaa bila kutikisika. Baada yake, penye mwanga mzuri, muda ulishuka chini ya dakika moja. Nyuso zikaanza kulegea. Ukungu wa pembeni mwa picha ulikuwa kasoro ya vioo, watu wakaizoea, na baadaye wakaipenda. Hata Stanley Kubrick alipotumia lenzi ya Zeiss ya f/0.7, iliyotengenezwa awali kwa ajili ya NASA, kwenye filamu ya *Barry Lyndon* ya mwaka 1975, alichotaka ni kupiga chumba kinachoangazwa na mishumaa. Mwanga kwanza, ukungu baadaye.

Nairobi ina mwanga wenye tabia zake. Jiji liko digrii moja na kitu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo katika siku za karibu na 21 Machi na 23 Septemba jua la adhuhuri hukaa karibu utosini kabisa. Paji la uso linawaka, macho yanazama kwenye vivuli viwili, na hakuna lenzi inayotibu hilo. Jioni jua linashuka wima, linazama mnamo saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza linafuata upesi. Anayepanga kupiga picha katika mwanga wa dhahabu ajue kwamba dakika zake ni za kuhesabu. Mawingu ya Juni hadi Agosti, yanayolalamikiwa na kila mtu, ndiyo msimu wa picha za nyuso: anga lote linageuka kuwa taa moja pana.

Na Kilimani yenyewe imebadilika. Palipokuwa na nyumba moja ya chini ndani ya bustani kubwa, leo yamesimama majengo ya fleti ya orofa kumi na zaidi. Mengi yamesemwa kuhusu maji, msongamano na miti iliyokatwa, na ni haki kusemwa. Kwa mpiga picha, hata hivyo, kuta hizo zimeleta kitu cha kutumia. Upande mmoja wa barabara unapata kivuli kirefu, na upande wa pili ukuta mweupe au wa krimu unapigwa na jua na kurudisha mwanga. Msimamishe mtu ndani ya kivuli, hatua moja au mbili kutoka ukingoni, akiutazama ukuta ule. Uso wake utapokea mwanga kutoka eneo lote la ukuta, na ngozi nyeusi hupendeza mno hapo kwa sababu mng'ao wa shavuni unatanda taratibu badala ya kuwa alama nyeupe ya jua kali. Chini ya miti panahitaji uangalifu zaidi. Majani hurudisha rangi ya kijani, nayo hujificha chini ya kidevu mpaka uifungue picha kwenye kompyuta.

Sasa hesabu. Chukua lenzi ya milimita 85 kwenye kamera ya fremu nzima, simama mita 2 kutoka kwa mtu, fungua hadi f/1.8. Kina cha fokasi, yaani sehemu inayoonekana kali mbele na nyuma ya pale ulipolenga, ni kama sentimita 6 tu. Sogea hadi mita 1.5, kina kinabaki sentimita 3. Kwa umbali huo jicho litakuwa kali, ncha ya pua itaanza kulainika, na masikio yatakuwa yamepotea. Rudi mita 2 na ufunge hadi f/2.8, unapata karibu sentimita 9. Kwa f/4, kama 13, na uso mzima umo ndani.

Wengi hukataa kufunga kwa hofu kwamba mandhari ya nyuma itarudi na vurugu zake zote: nyaya za umeme, mabango, jukwaa la mafundi wa ujenzi. Hofu hiyo inatokana na kusahau kipimo cha tatu, ambacho ni umbali kati ya mtu na kilicho nyuma yake. Mweke mtu mita 1 mbele ya ukuta na umpige kwa f/1.8 kutoka mita 2. Kila nukta ya ukuta inatanuka kwenye sensa kuwa duara la milimita 0.7 hivi. Mtoe ukutani, mweke mahali ambapo kitu cha nyuma kiko mita 10 kutoka kwake, funga hadi f/4, na duara hilo linakuwa karibu milimita 0.8. Ukungu umezidi kidogo, ilhali tundu limebanwa na uso wote ni mkali. Hatua za miguu zimefanya kazi ambayo watu huilipia maelfu ya shilingi dukani.

Hapa ndipo pia panapoeleweka tofauti ya lenzi za milimita 50 na 85. Ukisogea na lenzi ya 50 hadi kichwa kijaze fremu sawasawa na ilivyokuwa kwa 85, kina cha fokasi kwa f/1.8 hakibadiliki karibu hata kidogo. Kinachobadilika ni mandhari ya mbali, kwa sababu tundu halisi la 50 lina kipenyo cha milimita 28, na la 85 lina 47. Umbo la uso nalo hubadilika: kwa 50 umesimama karibu mita 1.2, na pua inaanza kuonekana kubwa kuliko ilivyo. Wenye kamera za sensa ndogo wana nafuu, kwani 50 yao huona kama 75 au 80.

Kulenga kunataka nidhamu. Kamera mpya zisizo na kioo hulitambua jicho na kulifuata, na kwa tundu lililo wazi sioni sababu ya kuzima huduma hiyo. Mwenye kamera ya kioo achague nukta ya fokasi iliyo juu ya jicho lililo karibu. Akilenga kwa nukta ya katikati halafu akageuza kamera kupanga fremu, zile sentimita 3 za mbele ya jicho huwa zimeshaliwa. Mtu aliyesimama naye huyumba bila kujua. Mwambie atangulize mguu mmoja, aegemee kidogo, na upige kadhaa.

Kipimamwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera huung'arisha kupita kiasi na rangi yake ya kweli huchujuka. Uso huohuo mbele ya anga jeupe hugeuka kivuli. Pima kwenye shavu peke yake, kisha punguza kiasi kwa ngozi nyeusi sana, na uangalie grafu ya mwanga kuliko kioo cha nyuma ya kamera, ambacho mchana hudanganya.

Adhuhuri huleta shida nyingine. Kwa ISO 100, jua kali na f/1.8 hudai shata ya karibu 1/8000, na kamera nyingi za bei ya chini huishia 1/4000. Kichujio cha kupunguza mwanga cha ND8 huishusha hadi 1/1000. Au ufunge tundu, jambo ambalo halina aibu yoyote.

Usiku ndipo lenzi hii inaporudi kwenye asili yake. Nje ya duka au mkahawa uliowashwa taa, zumu ya kawaida inayoishia f/5.6 ingehitaji ISO 6400, ilhali f/1.8 huingiza mwanga mara kumi zaidi, na ISO inashuka hadi 640 hivi. Fungua kabisa hapo, bila kusita. Kumbuka tu kwamba umeme wa Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde; shata ya 1/100 huondoa mistari myeusi kwenye picha.

Nikizitazama picha za studio ya N. V. Parekh wa Mombasa, aliyewapiga wakazi wa mji ule kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita, naona taa zilizopangwa, mavazi yaliyochaguliwa na mkao wenye heshima. Watu wale wanajitokeza wazi, bila usaidizi wa ukungu. Sisi wa Kilimani tuna mtaa mzima wa kuongeza juu ya hayo: f/2.8 au f/4, mtu mita 4 au 5 mbele ya kibanda cha matunda au lango la nyumba ya zamani iliyobaki kati ya maghorofa, na mtazamaji atajua alikuwa wapi bila macho yake kuhama usoni.

Kwa anayeanza na kamera ya sensa ndogo, 50 ya f/1.8 inatosha kwa yote niliyoeleza. Ile ya f/1.4 huongeza mwanga kwa asilimia 65 tu na bei yake huruka mbali zaidi ya hapo. Tofauti hiyo nunulia kichujio cha ND na reflekta nyeupe, kisha umwombe mtu wako atoke ukutani.